Kuvu ya Mizizi, Mbolea ya Pilipili Isiyouzwa kwa Mfuko

Wakulima wengi wa Machakos huijua kuvu kwa ubaya wake tu. Ndiyo iotayo juu ya mahindi yaliyotiwa ghalani kabla hayajakauka, na watu wa Ukambani hawajasahau mwaka 2004, ambapo sumu ya kuvu hiyo, iitwayo aflatoksini, iliua watu 125 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Ndiyo itiayo unga mweupe juu ya majani ya pilipili hoho. Ndiyo ilazayo miche kitaluni usiku mmoja, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Basi mkulima akiambiwa atie kuvu kwa makusudi katika udongo wa pilipili yake, ni haki yake kushangaa.

Lakini kuvu si moja. Viwavi hula majani na nyuki hutuletea asali, na wote wawili twawaita wadudu. Vivyo hivyo iko kuvu inayoozesha, na iko kuvu inayoishi pamoja na mizizi ya mmea ulio hai bila kuudhuru, ikaulisha na kulishwa nao. Hiyo ya pili ndiyo tutakayoizungumza. Wataalamu huiita mikoriza, maana yake kuvu na mzizi kwa pamoja. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, A. B. Frank, aliyekuwa ametakiwa na serikali ya Prussia achunguze namna ya kulima uyoga mmoja wa thamani kubwa uotao chini ya ardhi. Katika kazi hiyo aliona kwamba mizizi ya miti imevikwa nyuzi za kuvu, na miti yenyewe haiugui. Ile aliyoiona Frank ni ya miti ya msituni. Ya mahindi, maharagwe na pilipili ni jamii nyingine, nayo huingia ndani kabisa ya mzizi. Wala si kitu kipya duniani. Huko Rhynie, Scotland, imeonekana katika mawe yenye mimea ya miaka milioni 400 iliyopita.

Kazi yake ni hii. Mmea wahitaji fosforasi ili uote mizizi, utoe maua na kuzaa. Sasa fosforasi ina tabia ya mzee asiyependa safari. Maji ya mvua huibeba naitrojeni na kuishusha chini upesi, lakini fosforasi hukaa pale pale ilipo, na katika udongo wetu mwekundu hushikwa tena na chuma. Mzizi wa pilipili huila ile iliyo jirani yake kabisa, kisha hubaki na ukanda mtupu wa milimita chache kuuzunguka. Nje ya ukanda huo chakula kipo, lakini mzizi haukifikii.

Hapo ndipo kuvu inapofaa. Nyuzi zake ni nyembamba mno: nyuzi 100 zikipangwa bega kwa bega hazizidi milimita moja kwa upana. Hutoka mzizini zikavuka ule ukanda mtupu, zikaenda sentimita kadhaa ndani ya udongo, zikapita katika nyufa ambazo hata kinyweleo cha mzizi hakiwezi kupita. Huko hukusanya fosforasi, na pamoja nayo zinki na shaba, zikaileta mpaka ndani ya mzizi. Ndani ya mzizi kuvu hufanya kitu kama mti mdogo wenye matawi mengi, na hapo ndipo soko lilipo. Kuvu hutoa fosforasi, nao mmea hutoa sukari iliyotengenezwa na majani. Si bure, basi. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila sehemu 100 za sukari ya mmea, sehemu 4 mpaka 20 huenda kwa kuvu. Katika udongo maskini biashara hiyo humfaa mmea sana. Nyuzi hizo pia hushikanisha chembe za udongo, na mara nyingi mmea wenye kuvu hustahimili kiangazi kifupi kuliko usio nayo, jambo ambalo mtu wa Mwala au Masinga hahitaji kuelezwa umuhimu wake.

Yafaa niseme wazi, kwa kuwa neno mbolea laweza kumpoteza mtu: kuvu haiumbi fosforasi. Huileta ile iliyopo. Ikiwa shamba limechoka kabisa, hakuna cha kuletwa, na itakubidi utie samadi, au unga wa mawe ya fosfeti kama ule wa Minjingu, Tanzania, ambao hufaa udongo wenye asidi. Tena kuvu hii haitengenezi naitrojeni. Hiyo ni kazi ya bakteria wa mizizi ya kunde na maharagwe. Na pilipili isiyopata maji haitaokolewa na kuvu yoyote.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu ya bei. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ilitoa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka ule, ikaishusha mpaka 2,500 mwaka 2023; lakini mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mifuko ya mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima. Mwenye nusu ekari ya hoho kando ya mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa katika miaka ya 1950, ana mbegu za kununua, dawa za kununua, na gari la kulipia mpaka sokoni. Akiweza kupata fosforasi zaidi kutoka katika udongo wake mwenyewe, hizo ni shilingi zinazobaki nyumbani. Pilipili nayo ni mmea unaoipokea kuvu hii vizuri. Huko Pennsylvania, Marekani, watafiti Douds na Reider waliandika mwaka 2003 kwamba hoho zilizopewa kuvu zilizaa zaidi hata katika udongo uliokuwa tayari na fosforasi nyingi. Si kila jaribio lililotoa jibu hilo, na ndiyo sababu nitaeleza hapa chini jinsi ya kujipimia mwenyewe.

Kabla ya kutafuta kuvu, jiulize kwanza ni nani anayeiua ile uliyo nayo. Kwa maana ipo. Kila shamba la Machakos lenye mahindi na mbaazi lina kuvu hii, kidogo au nyingi.

Adui wa kwanza ni mkono mzito wa mbolea ya dukani. Mmea uliorundikiwa DAP shimoni haoni sababu ya kulipa sukari kwa mchukuzi, na humfungia mlango. Sisemi mtu aache mbolea. Nasema asiimwage kana kwamba anatia mchanga. Adui wa pili ni plau na jembe, vinavyokata nyuzi kila msimu. Palilia juu juu. Mahali palipochimbwa tuta jipya la fanya juu, udongo wa chini umekuja juu, nao una kuvu chache. Hapo mmea wa kwanza huwa dhaifu, na kuvu ikiongezwa huonekana kazi yake upesi kuliko mahali pengine.

Adui wa tatu ni ardhi tupu. Kuvu hii haiwezi kujilisha yenyewe. Isipopata mzizi ulio hai hubaki mbegu zake tu, na hizo nazo hupungua kwa muda. Huko Queensland, Australia, kulikuwa na mashamba yaliyoachwa bila mmea zaidi ya mwaka mzima ili kuweka akiba ya maji, na mazao yaliyofuata yakadumaa bila ugonjwa kuonekana. Mwaka 1987 mtafiti J. P. Thompson alionyesha kwamba sababu ilikuwa kupungua kwa kuvu ya mizizi. Sisi tunayo dawa ya jambo hilo tangu zamani, nayo ni mbaazi. Wakati mahindi yamekwisha vunwa na shamba limekauka, mbaazi bado imesimama, na mizizi yake inaendelea kuilisha kuvu mpaka mvua irudi.

Adui wa nne watu wengi hawamjui, na kwa maoni yangu ndiye mkubwa kwa wakulima wa mboga. Ni sukuma wiki. Sukuma wiki, kabeji, figili na jamii yao yote hawaipokei kuvu hii katika mizizi yao. Hali kadhalika mchicha, spinachi na bitiruti. Mkulima anayepanda sukuma juu ya tuta lile lile misimu mitatu au minne mfululizo, kwa sababu soko lipo kila siku, anaiweka kuvu yake na njaa muda wote huo. Kisha anaamua kubadili, anapanda hoho hapo hapo, na anashangaa kuona miche imesimama mwezi mzima haisongi mbele. Hulaumu mbegu. Yawezekana mbegu haina kosa. Dawa ni kuweka zao moja la kati: kunde, maharagwe, mahindi, mtama au vitunguu. Vitunguu hasa huipenda kuvu hii, kwa kuwa mizizi yake ni michache na haina vinyweleo vya kutosha.

Sasa tuje kwenye kuiongeza. Jambo hili laweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye ndoo kuukuu yenye matundu chini. Kanuni yake ni moja: ukitaka kuvu, panda mimea inayoilisha.

Tafuta mahali penye nyasi za kienyeji, au ukingo wa tuta wenye nyasi za zamani, pasipotiwa mbolea ya dukani. Ondoa majani ya juu, uchimbe kutoka inchi 2 mpaka inchi 6, uchukue udongo pamoja na vimizizi vyembamba, kwa kuwa vimizizi hivyo ndivyo vyenye kuvu hai. Usichukue kamwe udongo kutoka chini ya nyanya, viazi, biringanya au pilipili nyingine. Mimea hiyo ni ndugu wa pilipili, na magonjwa yao ni mamoja. Utajiletea mnyauko wa bakteria pamoja na ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ukidhani umeleta rafiki.

Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu moja ya mchanga wa mtoni ulioshwa na kukaangwa juu ya moto mpaka uwe moto wote, kisha ukaachwa upoe. Mchanga wetu umechukuliwa mno na malori kwenda kujenga Nairobi, lakini kwa kazi hii debe moja latosha. Jaza ndoo, upande mbegu 10 za mtama na 3 au 4 za kunde. Ni lazima mbegu ziwe zako za nyumbani. Zile za dukani zenye rangi zimepakwa dawa, na mara nyingi ni dawa ya kuua kuvu. Ukizitumia utakuwa unawasha moto na kumwaga maji wakati ule ule. Usitie DAP wala samadi nyingi. Mimea ikiwa na rangi ya njano kidogo isikutie hofu. Mmea mwenye njaa kiasi ndiye anayefungua mlango.

Mwagilia kama kawaida kwa miezi mitatu au minne. Kisha acha kumwagilia kwa wiki mbili. Mmea unapokauka, kuvu hutambua kwamba chakula kinakwisha, ikaweka mbegu zake kwa wingi. Kata mashina, mpe mbuzi, na umwage kilicho ndani ya ndoo juu ya karatasi ya nailoni kivulini.

Hapo tazama mizizi kwa makini. Ya kunde huwa na vinundu, na vinundu vyenyewe ni vya aina mbili. Kinundu kilichobandikwa ubavuni mwa mzizi, kinachotoka ukikisukuma kwa ukucha na ambacho ndani ni chekundu kidogo, ni cha bakteria wazuri. Lakini ikiwa ni mzizi wenyewe uliovimba kama uzi uliofungwa fundo, usiobanduka, hiyo ni minyoo. Ndoo yenye minyoo imwagwe mbali na shamba, uanze upya na udongo wa mahali pengine. Ndoo safi ikatwe mizizi yake vipande vya sentimita moja, ichanganywe tena na udongo wake, itiwe guniani na kuwekwa mahali pakavu penye kivuli. Itumie msimu unaofuata, usiiweke miaka.

Kuna wanaoshauri kutia kijiko kimoja katika kila shimo shambani wakati wa kupandikiza. Tupige hesabu. Ekari moja ya hoho kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 ina miche kama 15,000. Kijiko cha gramu 15 kwa kila shimo ni kilo 225. Nani atakayezibeba? Afadhali kitaluni. Changanya sehemu moja ya kuvu na sehemu 10 za udongo wa kitalu. Mche katika trei hutumia udongo wa mililita 40 hivi, na kuvu iliyomo ni mililita 4 tu. Miche 15,000 yahitaji kama lita 60, yaani madebe matatu. Tena mzizi mchanga ndio unaoipokea kuvu kwa urahisi zaidi, na mche unapofika shambani baada ya wiki sita mpaka nane, umekwisha kuwa na nyuzi zake. Shimo moja moja waachieni wenye bustani ndogo nyuma ya nyumba, nao wahakikishe kuvu imegusa mizizi; ikitupwa juu ya udongo haina faida. Dawa ya kuvu isimwagwe katika kitalu hicho. Mche ukianza kulala, punguza maji na uachanishe miche ipate hewa.

Vikundi vya mwethya vinaweza kuifanya kazi hii kwa pamoja: kitanda kimoja cha mtama na kunde, kila mtu akapata debe lake. Ila mwanachama mwenye mnyauko wa bakteria shambani kwake asilete udongo.

Kujua kama imefanya kazi si kwa kutazama rangi ya majani. Panda mistari minne ya pilipili pamoja: wa kwanza wenye kuvu, wa pili usio nayo, wa tatu wenye kuvu, wa nne usio nayo. Mbegu moja, samadi moja, maji yale yale. Kila unapochuma, pima kwa mizani na uandike daftarini, tangu mchumo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwisho wa msimu jumlisha mistari yenye kuvu na ile isiyo nayo. Tofauti ikiwa ndogo, shamba lako lina kuvu ya kutosha tayari, nawe umejiokolea kazi ya mwaka ujao. Tofauti ikiwa kubwa, una namba za kumwonyesha jirani na afisa wa kilimo.

Shule za sekondari zenye darubini zaweza kwenda mbali zaidi, na nawaomba walimu wa biolojia wasilipite jambo hili. Tangu mwaka 1998 inajulikana njia ya kuipaka kuvu rangi kwa wino wa kalamu na siki. Vimizizi huchemshwa kwanza katika maji yenye potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 mpaka viwe vyeupe, vikaoshwa vizuri, kisha vikachemshwa dakika chache katika siki iliyotiwa wino mweusi sehemu 5 kwa 100. Chini ya darubini nyuzi za kuvu huonekana nyeusi ndani ya mzizi mweupe. Hiyo potasiamu hidroksidi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo mwalimu mwenyewe ndiye aishike. Mwanafunzi akilinganisha mzizi wa sukuma wiki na wa pilipili kwa njia hiyo, hatahitaji kuambiwa tena kwa nini mazao hubadilishwa.

Wako pia wauzaji wa kuvu katika pakiti. Baadhi ya bidhaa hizo ni nzuri. Lakini mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 na kupima bidhaa za namna hii zilizouzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria, uliona kwamba nyingi hazikutimiza yaliyoandikwa juu ya pakiti. Kuvu ni kitu hai. Ikikaa dukani juani, au ikipitwa na tarehe yake, muuzaji anakuuzia vumbi, hata akiwa mtu mwaminifu. Ukinunua, soma tarehe, uliza ilihifadhiwa wapi, na uijaribu katika ile mistari minne kabla ya kuinunulia ekari nzima.

Kwa mvua za vuli, ambazo huku kwetu ndizo za kutegemewa zaidi, hesabu yatakiwa kuanza mapema. Mvua hushuka kuanzia katikati ya Oktoba. Miche yataka wiki sita mpaka nane kitaluni, kwa hiyo mbegu za pilipili zitiwe mwishoni mwa Agosti, na siku hiyo gunia la kuvu liwe tayari. Ukirudi nyuma miezi mitatu na nusu, pamoja na zile wiki mbili za kukausha, wafika mwisho wa Aprili, wakati udongo bado una unyevu wa masika na mtama huota bila taabu. Asiyewahi kufikia wiki ya pili ya Mei atie kunde tu katika ndoo yake, kwa kuwa hukomaa upesi kuliko mtama.